Mbega, ng'ombe na wanakili wa utenzi: vimeng'enya vinatuambia nini kuhusu asili yetu

Ukifika msitu wa Jozani, Unguja, na bahati ikiwa yako, utamwona kima punju anashuka mtini, anaokota kipande cha mkaa na kukitafuna taratibu kama mtu anayekula karanga barazani. Watalii hucheka na kutoa simu zao. Wenyeji wamezoea. Watafiti waliomfuatilia kima huyu miaka ya 1990 walieleza kuwa majani ya mkungu na ya mwembe anayoyapenda yana kemikali zinazovuruga mmeng'enyo, na mkaa huzinyonya. Inaelekea mtoto hujifunza kwa kumtazama mama yake.

Mkaa lakini ni nusu ya kisa. Jani hata likishaondolewa sumu bado ni chakula kigumu. Kula wewe majani ya mwembe wiki nzima, uone. Kima punju na nduguze mbega wanaishi kwayo kwa sababu tumboni mwao mna kitu ambacho hakuna mama aliyewafundisha: vimeng'enya vilivyobadilika kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Ukivipanga vimeng'enya hivyo pamoja na vya nyani, sokwe, komba na binadamu, ukavisoma herufi kwa herufi, unapata habari ambazo mfupa hauna. Fuvu la Proconsul alilolipata Mary Leakey kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, mwaka 1948, linatuonyesha meno na taya za kiumbe wa kale wa jamii yetu. Halisemi ini lake liliweza kuvunja nini, wala kama tunda lililochacha lilimlewesha.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia mwilini: kukata wanga, kuvunja pombe, kupasua ukuta wa bakteria. Imeundwa kwa asidi amino zilizotungwa kama shanga kwenye uzi, na mpangilio wa shanga hizo umeandikwa kwenye jeni. Shanga moja ikibadilika, mara nyingi halitokei lolote. Mara nyingine kimeng'enya kinaharibika. Na mara chache sana kinapata uwezo ambao hakikuwa nao.

Sasa fikiria utenzi wa kale ulionakiliwa kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, ukapita Pate, Lamu na Mombasa kwa vizazi. Kila mnakili ana makosa yake. Ukikuta nakala mbili zina kosa lilelile, ubeti uleule, neno lilelile limerukwa, huna haja ya kuuliza sana: zimetoka kwa nakala moja iliyokuwa na kosa hilo kabla yao. Lakini ukikuta wanakili wawili wasiojuana, mmoja Siyu na mwingine Mombasa, wamelirekebisha neno moja ili kina kikae sawa, hapo usikimbilie kusema wamenakili kwa mtu mmoja. Kina ndicho kilichowalazimisha. Kosa linalofanana hudokeza undugu. Rekebisho linalofanana linaweza kuwa ni haja tu iliyofanana. Anayelinganisha vimeng'enya vya praimeti, yaani jamii ya komba, kima, sokwe na binadamu, kazi yake kubwa ni kutenganisha hayo mawili, na si kazi nyepesi.

Tumbo la mbega

Mbega wa Afrika na binamu zao wa Asia, wale languri, wana tumbo lenye vyumba. Chumba cha mbele kimejaa bakteria wanaochachisha majani, karibu kama ng'ombe. Majani hayamnufaishi mbega moja kwa moja kama yanavyowanufaisha bakteria. Mbega, kusema kweli, anafuga bakteria kwa majani kisha anawala wao. Ili awale, lazima awapasue.

Kifaa cha kupasulia ni lisozaimu. Alexander Fleming, huyohuyo wa penisilini, alikieleza kimeng'enya hiki mwaka 1922 baada ya kukiona kwenye kamasi za mtu mwenye mafua. Kimo kwenye machozi yako, mate yako, maziwa ya mama, na kwa wingi kwenye ute wa yai la kuku. Kwetu ni askari wa mlangoni: hula ukuta wa bakteria wasiingie. Kwa mbega na ng'ombe, askari huyo amehamishiwa jikoni. Amepelekwa kwenye tumbo lenye asidi kali na pepsini inayokata protini, na ameambiwa afanye kazi humo bila kuyeyuka.

Mwaka 1987 Caro-Beth Stewart, Allan Wilson na mwenzao walichapisha ulinganisho wa lisozaimu ya languri wa India na ya wanyama wengine. Walichokikuta kingemchanganya mtu mwenye haraka. Languri ni ndugu wa nyani, hilo halina ubishi. Lakini kwenye lisozaimu yake kulikuwa na mahali 5 ambapo shanga yake inafanana na ya ng'ombe na kutofautiana na ya nyani na ya binadamu. Arjinini, aina moja ya shanga hizo, zimepungua. Kimeng'enya chenyewe kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye asidi na kinaistahimili pepsini. Ukipewa lisozaimu peke yake uchore mti wa ukoo, ingekuvuta umsogeze languri upande wa zizi la ng'ombe.

Hao ndio wanakili wawili waliorekebisha kina kimoja. Mstari wa ng'ombe na mstari wa kima ulishaachana zamani mno, zaidi ya miaka milioni 80. Na njia walizopita si moja: ng'ombe ana jeni za lisozaimu zipatazo 10, ilhali languri anatumia moja. Baadaye ndege wa Amerika ya Kusini aitwaye hoatzini, naye mla majani anayeyachachisha kabla ya kuyameng'enya, alionekana ana lisozaimu yenye mabadiliko ya namna hiyohiyo. Ndege! Haja ya tumbo ni moja, jibu likaelekea mahali pamoja.

Utajuaje kwamba mabadiliko hayo yaliletwa na haja wala si bahati? Kuna hila moja nzuri. Lugha ya jeni ina maneno mengi yenye maana moja, kama mtu kusema "pesa" au "fedha" na msikilizaji akaelewa kitu kilekile. Kwa hiyo baadhi ya mabadiliko ya herufi hayabadilishi shanga. Hayo ni mabadiliko ya kimya, na hurundikana polepole, kama saa inayotembea. Mabadiliko yanayobadilisha shanga kwa kawaida ni machache zaidi, maana mengi yanadhuru na hufutwa. Ukikuta tawi la ukoo ambako yanayobadilisha shanga yameyapita ya kimya, basi hapo palikuwa na shinikizo. Mwaka 1997 Walter Messier na Stewart walilipata tawi la hivyo: lile la babu wa mbega na languri wote, kabla ukoo huo haujagawanyika kati ya Afrika na Asia. Kisha wakaona la pili ambalo halikutarajiwa, kwenye tawi la babu wa giboni (ndugu mdogo wa sokwe, wa Asia), sokwe na binadamu. Sisi hatuna tumbo la kuchachisha. Tawi la mbega lina maelezo. Hili la kwetu linakuna kichwa.

Mbega ana jambo jingine. Bakteria wanaokua kwa kasi wana RNA nyingi, ile kemikali inayobeba ujumbe wa jeni, na RNA ina naitrojeni ambayo mla majani hawezi kuiacha ipotee. Kimeng'enya cha kuivunja, ribonyuklesi ya kongosho, sisi tunacho kimoja. Jianzhi Zhang na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba languri aina ya douc, wa misitu ya Vietnam na Laos, ana viwili. Jeni ilijinakili zikawa mbili, nakala ya kwanza ikabaki na kazi ya zamani, ya pili ikabadilika. Ile ya zamani inafanya kazi vizuri zaidi pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikiwa 7.4, mpya inapendelea 6.3, na utumbo mwembamba wa wala majani hawa una asidi zaidi kidogo kuliko wetu. Mwaka 2006 Zhang akaja na mbega wa Afrika, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe. Naye jeni yake imejinakili, lakini kivyake, baada ya kuachana na wa Asia, na shanga tatu zilezile zimebadilika kwa namna ileile. Kina kilekile, wanakili wengine tena.

Kosa moja, nakala nne

Mjomba wangu alikuwa mpenzi wa nyama choma na supu ya makongoro. Usiku mmoja aliamka kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwa chekundu kama nyanya. "Mjomba," aliniambia asubuhi, "hata shuka likinigusa naona moto." Ilikuwa gauti. Asidi ya yuriki imezidi kwenye damu, ikaganda vipande vidogo vyenye ncha kali kwenye kiungo.

Mbwa wake aliyekuwa akigugunia mifupa ya nyama ileile hakuumwa kitu. Mamalia wengi wana kimeng'enya kiitwacho yurikesi, kwenye ini, kinachoivunja asidi ya yuriki iwe kitu kinachoyeyuka na kutoka kwa mkojo bila taabu. Kwa hiyo kiwango kwenye damu yao ni kidogo, kama miligramu 1 kwa kila desilita au chini yake. Binadamu mwenye afya ana kati ya 3 na 7, na karibu na 6.8 ndipo inapoanza kuweza kuganda. Tunaishi ukingoni.

Sababu imo kwenye jeni, na inasomeka. Jeni ya yurikesi bado tunayo, ila imekufa. Kwenye neno lake la 33, CGA iliyomaanisha arjinini imegeuka TGA, ambayo kwa lugha ya jeni ni nukta: acha kusoma. Herufi moja tu. Sokwe wa Gombe ana nukta hiyohiyo, neno hilohilo. Gorila anayo. Orangutani wa Borneo na Sumatra anayo. Nyani wa Mikumi na tumbili hawana, na yurikesi yao inafanya kazi. Hapa hakuna kina cha kusingizia, kwa sababu jeni ikiweza kufa kwa njia mia, ukikuta wanne wamekufa kwa herufi moja mahali pamoja, ni nakala iliyoharibika kabla hawajagawana urithi. Na kwa kuwa orangutani ni miongoni mwao, kosa hilo ni la zamani kuliko kuachana kwake na sisi, yaani si chini ya miaka milioni kumi na kitu.

Giboni ndiye anayenogesha. Naye hana yurikesi, lakini jeni yake imevunjika kivyake, kwa makosa mengine. Koo mbili jirani, jeni moja, imekufa mara mbili. Je, ni ajali mbili, au kulikuwa na faida ya kuipoteza?

Eric Gaucher na wenzake waliamua kuwauliza wafu. Ukishakuwa na nakala nyingi za utenzi unaweza kukisia, neno kwa neno, nakala ya asili ilisemaje. Walifanya hivyo kwa yurikesi: wakakokotoa mpangilio wa babu wa kale, wakatengeneza jeni yake maabara, wakaipa bakteria waitengeneze protini, wakaipima. Wakarudia kwa babu waliofuata, hadi karibu na siku ya kosa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yanaonyesha kwamba kimeng'enya kilikuwa kinapungua nguvu hatua kwa hatua kwa mamilioni ya miaka kabla ya ile nukta. Kamba hukatikia pabovu. Nukta ilikuja kumalizia jambo lililokwisha kuanza.

Maelezo yanayopendwa na baadhi ya watafiti ni kwamba asidi ya yuriki husaidia mwili kuigeuza sukari ya matunda kuwa mafuta, na hali ya hewa ilipopoa na matunda kuwa ya msimu, aliyeweza kunenepa upesi ndiye aliyevuka njaa. Ni maelezo matamu. Mimi nayasikiliza kwa sikio moja. Kwamba jeni ilidhoofika, hilo limepimwa. Kwamba ilidhoofika kwa ajili ya njaa, hilo limekisiwa, na watu wengi wanaposimulia kisa hiki huruka mpaka uliopo hapo katikati.

Jambo moja halina makisio. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha dawa ya gauti sugu iitwayo pegloticase. Ni yurikesi: mpangilio wake kwa sehemu kubwa ni wa nguruwe, na kipande kimeazimwa kwa nyani. Hutengenezwa na bakteria, hakuna nguruwe anayeguswa. Ila swali la uhalali wake nawaachia mashekhe. Mjomba alipoambiwa kwamba nyani anayemwibia mahindi anacho kimeng'enya ambacho yeye amekikosa, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ndiyo maana anakimbia vile."

Tembo na muhogo

Wagema wa mwambao wana hadithi ya komba apandaye mnazi usiku, akanywa tembo, ile pombe ya mnazi, kwenye kibuyu mpaka akadondoka. Hadithi hiyo ina swali ndani yake: nani katika jamii hii anaweza kuihimili pombe?

Kimeng'enya cha kwanza kukutana na pombe, kwenye ulimi, umio na tumbo, ni ADH4. Matthew Carrigan na wenzake walifanya kama wale wa yurikesi: wakafufua ADH4 za mababu mbalimbali na kuzipima. Za kale zilijua kuvunja alkoholi nyingine zilizomo kwenye majani na mimea, lakini ethanoli, ile ya tembo na mbege, iliwashinda. Kisha, kwa babu wa gorila, sokwe na binadamu, yapata miaka milioni 10 iliyopita, shanga ya 294 ilibadilika na uwezo wa kuvunja ethanoli ukaongezeka kama mara 40. Orangutani alikuwa ameshaondoka kwenye ukoo, na hana badiliko hilo. Watafiti wanahusisha na kushuka chini ya miti, kwenye matunda yaliyoanguka na kuchacha. Aye-aye, lemuri wa Bukini (Madagaska) mwenye kidole kirefu, alilipata badiliko hilohilo kivyake. Sasa unajua pa kumweka: upande wa kina, si upande wa undugu.

Na si jambo la maabara tu. Huko Bossou, Guinea, sokwe wa porini wamerekodiwa kwa miaka mingi wakinywa pombe ya mti wa rafia kutoka kwenye vyombo vya wagema. Hutafuna majani yakawa kama sponji, huchovya, hufyonza. Pombe hiyo ilipimwa ikakutwa na wastani wa asilimia 3.1.

Komba mwenyewe, kwa njia, ana kitu kingine ambacho sisi hatuna. Ini lake bado hutengeneza vitamini C. Jeni ya kimeng'enya cha kuitengeneza ilikufa kwenye ukoo wa kima, nyani, sokwe na binadamu zamani sana, ndiyo maana baharia wa kale alipata kiseyeye na komba hapati.

Mpaka hapa nimesema kuhusu shanga kubadilika na jeni kufa. Mwaka 1975 Mary-Claire King na Allan Wilson walilinganisha protini za binadamu na za sokwe na kukuta zinafanana kwa takriban asilimia 99. Hoja yao ilikuwa kwamba tofauti kubwa kati yetu lazima itafutwe zaidi kwenye wakati na kiasi cha kutengeneza protini hizo, kuliko kwenye protini zenyewe. Amilesi ya mate ni mfano mzuri wa kiasi. Kazi yake ni kukata wanga kuwa sukari. Sokwe ana nakala 2 za jeni hiyo, moja kwa kila mzazi. Binadamu kwa wastani ana kama 6, na wengine zaidi sana.

George Perry na wenzake walipochapisha utafiti wao mwaka 2007, kati ya watu waliowapima walikuwamo Wahadza na Wadatoga, majirani wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania. Wahadza huchimba mizizi yenye wanga. Wadatoga ni wafugaji, maziwa na nyama. Wakiwaweka Wahadza pamoja na jamii nyingine zinazokula wanga kwa wingi, asilimia 70 ya watu walikuwa na nakala 6 au zaidi. Kundi la Wadatoga, Wambuti wa Kongo na wengine wa wanga kidogo lilifika asilimia 37. Tofauti ni ya wastani, tena wa makundi. Kuna Mdatoga mwenye nakala nyingi kuliko jirani yake Mhadza, na usimpime mtu kwa kabila lake.

Unaweza kuionja amilesi yako leo. Chukua muhogo mkavu uliochemshwa bila chumvi, tafuna bila kumeza, hesabu taratibu mpaka dakika ipite. Utamu utaanza kuja kwa mbali. Nyani ana utamu huo pia: jeni yake ya amilesi imeongezeka nakala bila kutuuliza, na ana mifuko mashavuni ya kuwekea chakula cha haraka. Ndiyo maana ukimfumania shambani anajaza mahindi mdomoni hata uso umebadilika sura. Wanga umeshaanza kukatwa shavuni, na mwenye shamba bado anatafuta kombeo.